Anatole, Ambaye Hakufuta Majina

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2013, saa nne asubuhi, majina mia nne na kumi na mawili ya watu waliopotezana na jamaa zao yalitoweka katika kompyuta ya ofisi moja ndogo ya Mbarara, na tangu saa hiyo marehemu Anatole, aliyekuwa akiyatunza, aliishi kama mtu aliye peke yake.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1974 huko Bijombo, Uvira, nchini Kongo, akasoma hapo, na tarehe 2 Desemba 1996 akafika hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na dada yake Kankindi, huyu anayewasomea, mama yao akiwa amepotelea njiani. Mwaka 2004 alijifunza kompyuta Mbarara, mwaka 2006 akaajiriwa na ofisi hiyo, tarehe 21 Julai 2007 akafunga ndoa na Nathalie, na Mungu akawapa binti, Chantal.

Majina yalipopotea alifukuzwa kazi, watu wakamwita Bwana Mfutaji, na Kankindi naye, kwa kuwa jina la mama lilikuwamo, alimwuliza mbele ya kanisa, “Wee Anatole, jina la mama uliliweka fasi gani?” naye akajibu tu, “Dada, mimi sikulifuta,” na kwa miaka miwili Kankindi hakukanyaga kwake.

Miaka hiyo aliketi dukani kwa Bwana Sulait, mtaa wa Nyamityobora, Mbarara, kwenye kompyuta ya kuazima, akirudia jambo lile lile mara elfu nyingi, hadi akaona kwamba kosa limo ndani ya mfumo wenyewe unaoendesha kompyuta, mahali panapotunza mafaili: kazi mbili zikigusa faili moja kwa nukta moja, ya kwanza huiachilia nafasi ya kumbukumbu na ya pili bado inaitumia, kama kiwanja cha hapa kambini anachopewa mgeni na mwenyewe bado amelala ndani, nao wote wawili wakapoteza vyao. Akawaandikia watengenezaji wa mfumo huo, akangoja.

Mwezi Februari 2015 figo zilimshinda, na Jumapili tarehe 14 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka. Jibu lilifika Jumatatu, Bwana Sulait akalileta mwenyewe: kosa ni la kweli, limerekebishwa, na aliyeligundua ni Anatole.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchotea Nathalie maji, na Bwana Sulait, aliyemwamini wakati sisi wa damu yake hatukumwamini. Anatole, dada yako anakuomba msamaha mbele ya watu, kama alivyokuuliza mbele ya watu.

Ee Bwana, huyu alitunza majina ya waliopotea, basi la kwake ulitunze wewe, na kama mama yuko huko kwako, mwambie mwanawe hakumfuta. Amina.