Vidonge vya Siku ya Kliniki

Nyeri inalima kahawa na kunywa chai, hilo halina ubishi, kwa hivyo birika la kahawa analouza Jumaa pale mtaa wa Skuta ni kioja cha peke yake. Tangu Jumaa alete jiko lake la makaa kutoka Majengo na kulitua kando ya kinyozi, wazee wanne wamekalia benchi lake kana kwamba walilirithi. Ijumaa hii walikuwa watatu. Wa nne, Mwai, karani mstaafu wa kiwanda cha majani chai, alianguka Jumatano akitoka kunawa uso. Mkono na mguu wa kulia vilikataa kutii, mdomo ukapinda, na sasa alikuwa amelazwa hospitali kubwa, hawezi kutoa neno likaeleweka.

Gikonyo hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena upande wa pili. Watu humwita Futi kwa sababu alivuta mnyororo wa kupimia mashamba miaka thelathini, na mtu wa kazi hiyo hujua kusimama pahali pamoja, lakini leo miguu ilikuwa inamwasha. Miezi minane iliyopita ni yeye aliyemwambia Mwai asijisumbue na vidonge vya presha kila siku. Kunywa Jumatatu, kunywa Jumanne asubuhi, nenda kliniki. Nesi akipima, mashine inasema vizuri, anaandika kwa kadi, anakusifu mbele ya foleni nzima. Ni kama kuoga siku ya kwenda kwa wakwe, alimwambia, nani huoga hivyo kila siku? Mwai alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani, na tangu hapo akafuata hivyo hivyo. Sasa Gikonyo alitaka kulitaja hilo mbele ya wenzake, na hakujua aanzie wapi.

Wenzake walikuwa wanabishana ni nini kilimwangusha Mwai. Aliyeshika usukani ni Kingori, anayeitwa Daktari. Alichanja ng'ombe huko Mukurwe-ini mpaka akastaafu, na tangu siku hiyo hakuna ugonjwa wa binadamu usiomhusu.

— Ni kutembea, alisema Daktari. Moyo iko na mapigo yake, Mungu alikupimia. Ukikimbia-kimbia unamaliza mbio. Na wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndio maana mimi naketi.

Kutembea kwenyewe kulikuwa na kisa chake. Nesi alimwagiza Mwai atembee nusu saa kila siku, agizo rahisi kwa mtu asiyeishi Skuta. Mzee akionekana barabarani mikono mitupu, haendi sokoni, haendi mazishini, watu wataulizana kama amefukuzwa kwake. Basi Mwai akawa anabeba jembe. Kila asubuhi, jembe begani, mpaka Ruring'u na kurudi, na jembe lenyewe halijagusa udongo. Watu wakamsifu kwa bidii ya shamba. Wiki ya tatu jirani akamwomba amsaidie kupalilia, na hapo matembezi yakaisha.

Ngatia, jina la benchi Wembe, kinyozi aliyemwachia mwanawe kiti, alikataa habari ya kutembea. Yeye alilaumu mafuta ya kupikia ya siku hizi. Ati babu yake alikunywa mafuta ya kondoo kwa kibuyu na akafa na miaka mia na meno yote. Jumaa, ambaye huongea kwa nadra kama mtu anayelipishwa, akauliza babu huyo alilima ekari ngapi kwa mkono. Wembe akasema hilo si swali la afya.

Daktari akarudi kwa nguvu. Akakumbusha kwamba Mwai alikuwa ameacha kuchovya nyama choma kwa chumvi, mwezi mzima, na yeye ameona kwa macho yake ng'ombe aliyenyimwa chumvi akianguka zizini. Dawa ya moto ni moto, alisema, kama chumvi imekuletea presha basi chumvi ndiyo itakuondolea. Wembe akapanda juu zaidi. Akasema ni kustaafu. Moyo ukishajua kwamba Jumatatu hakuna kazi, nao unaomba likizo. Mtu angekuwa na akili angedanganya moyo wake, aamke alfajiri avae tai, aketi nayo sebuleni.

Gikonyo aliwasikiliza akitamani mojawapo iwe kweli, hata ile ya ng'ombe. Kila mmoja akisema lake, alipata nafuu kidogo, kisha aibu ikamrudia palepale. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza aliomba kahawa. Mara ya pili akaomba tangawizi iongezwe.

Ndipo Nyawira alipofika. Ni binti wa Mwai, ana duka la vitambaa mjini Kutus, na tangu mama yake afariki yeye ndiye anayekuja kumwangalia baba mwisho wa mwezi. Aliwasalimia kwa mkono, mmoja mmoja, akianza na Daktari aliye mkubwa wao. Macho yalikuwa mekundu. Jumaa akampa kikombe, akakishika tu bila kunywa.

Aliwaeleza kwamba daktari wa wodi amechanganyikiwa. Kadi ya baba ni safi, miezi minane presha iko sawa, na nesi ameandika pongezi kwa kalamu nyekundu. Lakini pale wodini imepanda hadi inaogopesha. Huyo wa wodi anaona kama dawa zile zimeshindwa na mwili, anataka kumbadilishia nyingine kali zaidi. Kabla ya kuanza amemuuliza Nyawira jambo moja, naye hakulijua, maana haishi naye. Na baba mwenyewe haongei. Basi amekuja kwa watu wanaoshinda naye.

— Wazee wangu, alikuwa anakunywa hizo dawa kila siku?

Daktari, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alichungulia ndani ya kikombe chake. Wembe alianza kusema kwamba mtu mzima hachungwi kama mbuzi, akaishia njiani. Gikonyo akawatazama nyuso zao na akaelewa. Hawakuwa wanamfichia Mwai siri yake. Walikuwa wanaficha zao. Ule ujanja aliomfunza mmoja wote waliusikia hapo hapo benchini, na kila mtu aliufuata bila kumwambia mwenzake.

— Hapana, mami, alisema Gikonyo. Alikuwa anakunywa siku mbili kwa mwezi. Kabla ya kupimwa. Ni mimi nilimwonyesha hiyo njia.

Gikonyo alingoja matusi, na angeyapokea yote, maana aliyastahili. Nyawira akaweka kikombe chini, polepole.

— Na wewe, baba? Wewe unakunywa?

Hilo ndilo swali ambalo hakuwa amejiuliza tangu Jumatano. Miaka sitini na tisa, vidonge vimejaa sandukuni chini ya kitanda, kadi safi kama ya Mwai. Alihisi moyo ukimpiga kifuani na kwa mara ya kwanza akauogopa.

— Leo si siku ya kliniki, alisema. Sijameza kitu wiki tatu. Twende nimwambie huyo daktari mwenyewe, asije akampa baba yako dawa ya makosa yangu. Halafu wanipime hivi nilivyo.

Nyawira hakusema amemsamehe. Alimshika mkono tu, wakavuka barabara kuelekea hospitali.