Bi. Sanae Torigoe na Mizunagi ya Injini Mbili

Ndugu wa ukoo wa Torigoe na wa Nagakubo, majirani wa Noborito, wafanyakazi wenzake wa zamani, nanyi wapenzi wa vipindi vyake mliotoka mbali na kusimama kule nyuma bila kualikwa na mtu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Familia imenipa mimi, mpwa wake, jukumu la kuwasomea maisha ya shangazi yangu, nami nitayasoma kama alivyopenda mambo yasemwe, taratibu na bila kumpamba mtu kuliko alivyokuwa.

Marehemu Bi. Sanae Torigoe alizaliwa tarehe 14 Mei 1943 katika mji wa Kawaguchi, mkoa wa Saitama, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Genzaburo Nagakubo na mkewe Bi. Kiku, na baba yake alikuwa akichonga vielelezo vya mbao ambavyo wayeyushaji na wasubu chuma wa mji ule walivitumia kutengeneza kalibu za vyungu na vipuri, hivyo mtoto alikua akichezea vipande vya mbao na msasa, na kabla hajajua kuandika jina lake alikwisha kujua kuupapasa ubao kwa kidole na kusema mahali ulipopinda.

Alianza shule ya msingi hapohapo Kawaguchi mwezi Aprili 1949, akaendelea na sekondari ya wasichana huko Urawa hadi Machi 1961, kisha akasomea usanifu kwa miaka miwili katika chuo kimoja cha Tokyo, ingawa baba yake alikuwa amemtafutia kazi ya ukarani benki, na alipoulizwa sababu ya kuikataa alijibu, "Baba, benki nitahesabu vitu walivyotengeneza wengine," naye mzee kesho yake alimnolea patasi zake tatu na kumkabidhi.

Mwezi Aprili 1963 aliajiriwa katika karakana ya modeli ya Asagiri, wilaya ya Setagaya, iliyotengeneza majengo madogo, madaraja na magari ya kuvunjwa na kuchomwa mbele ya kamera, akiwa mwanamke pekee katika chumba cha mafundi, na mwanzoni walimpa kazi ya kupaka rangi vigae vya mapaa, lakini baada ya mwaka mmoja hapakuwa na treni wala mnara uliotoka pale bila kupita mikononi mwake.

Mwishoni mwa mwaka 1970 karakana hiyo ilipewa kazi ya kutengeneza chombo cha anga kwa ajili ya kipindi kipya cha televisheni, nacho chombo kiliitwa Mizunagi, jina la ndege wa baharini arukaye mbali sana na kwao, na Bi. Sanae akapewa mchoro, akachonga kwa mbao laini modeli ndogo yenye urefu wa mkono, ya kuonekana kwa mbali ikipita kati ya nyota, akaiwekea safu mbili za madirisha na injini mbili nyuma, sawasawa na mchoro ulivyosema. Asichokijua ni kwamba wiki ileile aliyomaliza, kampuni ya peremende iliyodhamini kipindi ilitaka moto zaidi mkiani, mchoro ukabadilishwa, na mchoro mpya ukapelekwa karakana nyingine ng'ambo ya mto Tama, mjini Kawasaki, kwa fundi mmoja aliyeitwa Masuo Torigoe, ambaye alikuwa akitengeneza modeli kubwa ya kuonekana kwa karibu, naye akaijenga kwa safu tatu za madirisha na injini tatu, sawasawa na mchoro ulivyosema.

Kipindi kilianza kurushwa jioni ya Jumamosi, tarehe 10 Aprili 1971, na watoto wa nchi nzima waliona Mizunagi ikiondoka mwezini kwa injini tatu, ikipita nyota ya kwanza kwa injini mbili, na ikitua na injini tatu tena, huku madirisha yakiongezeka na kupungua njiani. Postikadi zikaanza kumiminika, mtoto mmoja wa Sendai akiuliza kwa adabu kama wahandisi hubadilisha injini wakati abiria wamelala, na mtayarishaji, Bwana Nagamori, aliyekuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, akaita pande zote mbili na kuuliza nani kakosea, lakini kila upande ulikuwa na mchoro wake wenye mhuri, basi lawama ikakosa pa kukaa.

Bi. Sanae hakuridhika na majibu ya simu, akaifunga modeli yake katika kitambaa, akapanda treni hadi Kawasaki, akaiweka juu ya meza ya fundi Torigoe kando ya ile kubwa. Fundi huyo, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliizunguka mara kadhaa na mwishowe akasema, "Dada, hii yako ina pengo." Naye akamjibu papo hapo, "Yangu haina pengo, Bwana Torigoe, ni yako iliyoota jino la ziada." Mafundi waliokuwa wakinywa chai wakacheka mpaka wakaweka vikombe chini, na fundi Torigoe, badala ya kukasirika, akauliza kama anaruhusiwa kuishika, akaigeuza kwa ncha za vidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba maungio yake hayaonekani hata kwa macho ya mtu anayeyatafuta, na kwamba kuitoboa ili kuongeza injini ingekuwa kuiharibu. Marehemu alikuwa akisema kwamba alikwenda kule kutafuta ugomvi akarudi na tonge la wali na samaki chumvi alilofungiwa kwa safari.

Walikubaliana kwamba modeli ndogo ipigwe picha kutoka mbele tu, ili nyuma yake isionekane, na mpiga picha aliafiki, akazingatia vipindi viwili, akasahau, na Mizunagi ikaendelea kubadilika-badilika hadi kipindi cha ishirini na sita, ambacho kilikuwa cha mwisho. Jambo lingine lilitokea mwezi Juni mwaka uleule, nalo lilimkaa moyoni zaidi kuliko injini. Modeli kubwa ilikuwa imepitishiwa nyaya za taa ubavu wa kushoto, kwa hiyo ilipigwa picha kulia tu, na ilipotakiwa kuelekea upande mwingine mkanda uligeuzwa, na kwa kuwa namba 27 ubavuni ingesomeka kinyume, fundi Torigoe alichonga kibao chenye namba iliyoandikwa kinyume, ili mkanda ukigeuzwa namba ikae sawa. Siku moja ya mwezi huo Torigoe alikuwa na homa, Bi. Sanae akatumwa kubandika kibao, akakibandika, lakini hakumwambia mkata mikanda, naye hakuugeuza, na Jumamosi iliyofuata namba ikaonekana kinyume kwenye kila televisheni nchini. Alipomwendea mgonjwa kuomba radhi, huyo aliyejifunika blanketi alisema, "Basi sasa tumelingana, mimi na jino langu, wewe na kibao chako."

Walifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1973 katika hekalu dogo la Kawasaki, Bwana Nagamori akiwa mshenga, na katika hotuba yake alisema kwamba ndoa hii ni kitu pekee katika kipindi kile ambacho vipande viwili vimeingiana bila lipu, kisha wakahamia Noborito, karibu na mto, wakajaliwa watoto wawili, binti yao Chizuru, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1975, na mwana wao Fumihiko, aliyezaliwa tarehe 28 Agosti 1979, ambao wote wawili wapo hapa mbele yenu. Watoto hawa walikulia katika nyumba ambamo mama alisema Mizunagi ina injini mbili na baba akasema ina tatu, na mgeni aliyejaribu kuwapatanisha alikemewa na wote wawili.

Karakana ya Asagiri ilifungwa mwaka 1984, na Bi. Sanae hakulia kazi iliyokwisha, akageukia kutengeneza vyakula vya bandia vya kupanga kwenye madirisha ya mikahawa, bakuli za tambi, kamba wa kukaanga, na keki zenye stroberi, akaifanya kazi hiyo hadi mwaka 2008, na mpaka leo kuna mkahawa karibu na stesheni ya Noborito ambao tambi zake za dirishani huwavutia watu kuliko zile za jikoni. Mumewe alifariki tarehe 2 Februari 2009 baada ya maradhi mafupi, naye alibaki katika nyumba ileile, akilima matango yake uani.

Mwezi Mei 2017 kampuni yenye haki za kipindi iliamua kuisafisha mikanda ya zamani ili itolewe upya, na kijana mmoja mwongozaji, Bwana Ryohei Akasofu, alikuja nyumbani na sanduku la maandazi ya maharage, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba kasoro zote zitasahihishwa kwa kompyuta, kwamba kila mahali ilipo modeli ndogo patawekwa picha mpya yenye injini tatu, na kwamba wanahitaji baraka zake. Alikubali kwenda kutazama. Aliketi katika chumba cha giza pamoja na Chizuru, akaona chombo kipya kikipita laini kama hariri, akasema waziwazi kwamba kazi ni safi na aliyeifanya ni fundi, kisha akaomba aonyeshwe picha za zamani zilizosafishwa lakini hazijasahihishwa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1971, akaiona modeli yake bila ukungu wa mkanda, pamoja na mistari midogo aliyoichora kwa kalamu ya risasi kuzunguka kila dirisha, ambayo hakuna mtazamaji aliyewahi kuiona, hata yeye mwenyewe alikwisha kuisahau. Chizuru akamshika mkono.

Bwana Akasofu akauliza, "Mama Torigoe, tuseme ukweli, Mizunagi halisi ni ipi?"

Akajibu, "Mwanangu, hiyo namba iliyosomeka kinyume irekebisheni, kwa sababu lilikuwa kosa langu na nimeona haya miaka yote hii. Lakini injini mbili si kosa. Niliambiwa mbili, nikachonga mbili, nikazichonga vizuri. Mkizifuta hamsahihishi kitu, mnanifuta mimi."

Kijana aliinama, hakuahidi jambo, akaenda kuzungumza na wakubwa wake mara nyingi, na mwezi Desemba alipiga simu kusema kwamba wamekubali, injini na madirisha vitabaki kama vilivyokuwa, na namba imerekebishwa. Kipindi kilipotolewa mwaka uliofuata, wapenzi wake, na huenda baadhi yenu mliopo hapa, mliandika kwa mamia mkilalamika kwamba namba iliyosomeka kinyume imeondolewa, kwamba mlikuwa mkiingojea tangu utotoni, na kwamba bila hiyo Mizunagi si Mizunagi, na Fumihiko alipomsomea malalamiko yenu sebuleni alicheka mpaka ikabidi akae chini, akafuta machozi kwa aproni, akasema, "Kumbe nilikuwa naona haya bure."

Mwaka 2021 alianza kupungukiwa na pumzi, madaktari wakagundua kwamba mapafu yake yamekakamaa, akaendelea kutibiwa nyumbani, na mwezi Septemba 2022 akalazwa katika hospitali mjini Kawasaki, ambako wiki ya kwanza aliomba gundi na msasa, akaitengeneza meza ya kitandani iliyokuwa ikitikisika, na wauguzi wakaanza kumletea vitu vyao vilivyovunjika, miwani, saa, na kiatu cha mtoto. Siku ya mwisho Chizuru alimuuliza, "Umechoka, mama?" akasema, "Nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyemaliza kazi." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2022, usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, akiacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Noborito ambao leo asubuhi wameyamwagilia matango yake ya mwisho bila kuombwa, mafundi wa Asagiri waliobaki, Bwana Akasofu aliyekuja na modeli ndogo kutoka ghala la kampuni na kuiweka pale kando ya ubani, ikiwa imetugeuzia mkia ili injini zake zihesabike, na ninyi wote mliofika. Shangazi, mikono yako haikuiacha kazi yoyote nusu, sasa iache itulie, pumzika kwa amani.