Hofu ya Nodari, Dereva wa Divai

Wapendwa jamaa, majirani na madereva mliosafiri naye, mimi ni Ketino, mwana pekee wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Baba yangu Nodari Khutsurauli alizaliwa tarehe 14 Februari 1958 hapa kijijini, bondeni, wilaya ya Gurjaani, akasoma shule ya kijiji hadi 1975, kisha chuo cha udereva mjini Telavi, na tangu 1994 aliendesha lori la kontena lenye mtambo wa kudhibiti joto, lililopoza divai yetu kiangazi na kuipasha wakati wa baridi, isigande ikasukuma vizibo. Alimwoa mama yangu, Lamara, tarehe 6 Oktoba 1991, nami nikazaliwa 1995.

Tarehe 17 Januari 2016, nikiwa naye, theluji ilitufungia njia mlimani juu ya Gudauri, na hapo likaonekana kosa letu watu wa bondeni: mtambo wa divai, wenye tangi lake, aliujazia mafuta ya baridi yasiyoganda, lori lenyewe mafuta ya kawaida, yakaganda, injini ikazima. Joto likabaki kontenani tu, na mlango wake hufungwa kwa komeo la nje, hivyo mmoja wetu alilazimika kubaki nje.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Na usionje kitu humo, nitanusa."

Alifunga saa nne asubuhi, akawa anagonga kila robo saa nami namjibu, lakini kufikia alasiri kugonga kwake kulikuwa hafifu na kwa kuchelewa, kisha kukakoma, nikapiga ukuta gizani hadi ngumi zikatoka damu, bila jibu. Jioni komeo lilisogea. Alilifungua kwa kiwiko, vidole havikunjiki, nyuma yake wakiwa watu wa kuondoa theluji.

Vidole vitatu vya mguu vilikatwa, mapafu hayakupona, na tarehe 3 Machi 2024, saa tatu asubuhi, alifariki hospitalini Tbilisi. Siku moja kabla, mama alimuuliza kama anaogopa kufa.

"Hiki si kitu, Lamara," alijibu. "Siku ile niliogopa nife kabla sijamfungulia mtoto. Mpaka leo nikilala naota nimechelewa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na madereva wenzake mliombeba hadi hapa.

Baba, nilitoka. Nipo hapa, nimesimama mbele ya watu wako. Lala sasa, usiote tena.