Shukrani kwa Mtutu Mbovu

Kwenye treni ya asubuhi, mlinzi wa ghala aliyekaa mbele yangu alikuwa akishukuru. “Shemeji yangu kaingia ghalani kwa mlango wa nyuma bila hodi, nikadhani mwizi. Nikamlenga kifuani, risasi ikapiga gunia. Mungu mkubwa!”

“Mtutu mbovu,” alisema jirani yake, fundi wa silaha. “Michirizi ya ndani ikilika, risasi haizunguki vizuri, inayumba. Na hizo risasi zenu za bei chee, baruti yake hailingani.”

“Na aliyeuchakaza mtutu ni nani, mzee, kama si Mungu?”

“Ubahili wa bosi wako.”

Gunia, lililoumia peke yake, hakuna aliyelishukuru.

Treni ikasimama. “Basi bosi naye namshukuru,” mlinzi alisema akiinuka. “Ila kesho anatufungia mtutu mpya.”

Fundi akamshika mkono. “Basi leo mfundishe shemeji kupiga hodi.”