Bi Kwani na Chumba Kilichobadilika Mara Mbili

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wa shirika, mliokaa na mliokosa viti, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, niliishia darasa la pili, kwa hiyo nitasoma polepole na mtanivumilia. Familia imenipa kazi hii kwa sababu ndimi niliyemjua tangu hajaota meno, na tena kwa sababu mwenyekiti wa shirika ametuomba tukubali kile chumba cha wazee kipewe jina la marehemu, picha yake itundikwe ukutani, na kibaki vilevile alivyokiacha, kisiguswe tena, na jibu la familia nitalitoa mwishoni, ili kwanza mjue tunamzika nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba yetu aliyelinda geti la kiwanda hicho, na mama yetu aliyekuwa dobi. Alichelewa kutembea, kuuliza hakuchelewa, na kila swali alilianza na kwani, kwani moshi unakwenda wapi, kwani shangazi analala mchana ana nini, kwani huyu mgeni haondoki, na hili la mwisho aliliuliza mgeni akiwa bado anakunywa chai, ndipo baba akamwita Bi Kwani, jina likamganda kama kupe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1970, ambako mwalimu mkuu alimwandikia baba kwamba mtoto ana akili ila anachosha, kisha akasomea ustawi wa jamii chuoni kwa miaka miwili, na tarehe 15 Januari 1973 akaajiriwa na shirika hili la hisani, ambalo wakati huo lilikuwa chumba kimoja kikubwa kinachonuka dawa ya nondo, na kazi yake yote ilikuwa kugawa nguo kuukuu kila Jumamosi.

Wenzake waligawa nguo wakafunga mlango, yeye akachungulia dirishani akaona akina mama wameshapata nguo lakini wamekaa ngazini hawaondoki, wengine wakasema ni tamaa, wanangoja mgao wa pili, yeye akatoka akaketi nao na kuwauliza, akaambiwa wanangoja zamu ya kiwandani ianze, na hawana pa kuwaacha watoto waliowabeba mgongoni. Mwenyekiti wa enzi hizo, Mungu amrehemu, alipoombwa chumba kiwe cha kulelea watoto alikuja juu, akasema hili ni shirika la nguo na si la mayaya, marehemu akamjibu, nguo za watoto tunazigawa, watoto wenyewe tunawaogopa? Ilichukua mwaka mzima wa kuvutana, na tarehe 3 Machi 1975 watoto wakaingia.

Viti vyao vidogo vilitengenezwa na fundi seremala wa mtaa wa pili, na marehemu alikwenda kuvikagua mara nyingi mno, mpaka nikamwambia, mdogo wangu, hakuna kiti duniani kinachokaguliwa hivyo, sema unachokagua. Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume ambaye ni dereva wa lori, na wa pili wa kike ambaye ni mshonaji, na shemeji yangu alikuwa mtu mkimya, jambo lililokuwa la heri, maana nyumba ile isingebeba wawili.

Mwaka 1998 kiwanda kilifungwa, vijana wakahama kufuata kazi, na chumba kikabaki na walimu wawili wanaimbiana wenyewe. Kamati ikataka kutangaza redioni ili watoto wapatikane, marehemu akauliza, kwani tunawatafutia watoto chumba au tunakitafutia chumba watoto? Akashika njia, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine kuona nani yumo ndani mchana, akakuta wazee, waliostaafu, wasioona vizuri, wasiosemeshwa na mtu mpaka jioni. Tarehe 7 Mei 2001 chumba kikawa cha wazee, na muuguzi wa kupima presha akaletwa, ila katika haraka ile hakuna aliyekumbuka viti, wazee tukakalishwa kwenye viti vya watoto, kukaa tulikaa, kuinuka ikawa kazi, na fundi cherehani mmoja mzee akasema asisumbuliwe, atangoja hapohapo mpaka aitwe na Mungu. Shemeji alitumia wiki nzima kuviongezea miguu.

Marehemu alistaafu mwaka 2012, mumewe akafariki tarehe 22 Juni 2015, na tarehe 11 Februari 2022 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, na mwanangu mshonaji akafunga cherehani yake akarudi kumuuguza. Shirika lilimtembelea kila wiki, tunashukuru, watu wanne wanazunguka kitanda na kumuuliza anajisikiaje, mpaka siku moja akawaambia, neno moja moja, mmenizunguka kama gari bovu, na huyo jikoni hamumwoni? Wakaenda jikoni, mwanangu akawaambia hajambo kabisa, kisha akasinzia amesimama, kikombe mkononi.

Tangu siku ile marehemu aliomba jambo moja tu, chumba cha wazee kitolewe siku mbili kwa wiki kwa wanaouguza watu majumbani, wapate pa kulala na kuzungumza, na shirika lipeleke mtu wa kukaa na mgonjwa wakati huo. Kamati ikasema chumba kile ni kazi ya mikono yake, kukigusa ni kumvunjia heshima. Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, hajajibiwa.

Sasa jibu la familia. Heshima tumeipokea, picha hatuitaki, kama tatizo ni ukuta, kwangu upo. Wazee tumeulizana, tumenung'unika kama kawaida yetu, tukakubali kubaki na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Jumanne na Alhamisi chumba kiwe cha wanaouguza, kama alivyoomba. Mwenyekiti aliniuliza jana, mahitaji yakibadilika tena itakuwaje, nikamwambia mtabadilisha tena, mtoto akikua si mnamnunulia kiatu kingine? Akasema haya, mama. Kwa mwanangu limechelewa, hana tena mgonjwa wa kuuguza, hilo silipambi, lakini Jumanne atakwenda kukaa na mama mkwe wa jirani yetu, mke wa fundi bomba, mgonjwa aliyelala kitandani mwaka wa tatu, ili huyo mke wa fundi atoke aje chumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani mliombeba marehemu ngazini bila kuulizwa mara mbili, wafanyakazi wenzake, na kamati, ambayo imechelewa lakini imefika.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na Jumanne mke wa fundi bomba naye atapumzika kidogo.