Kuku Tisa wa Mwalimu Benedict

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule na walimu wangu. Wazazi mliotoka Ujiji na Katubuka. Wanafunzi wenzangu. Wakubwa wote, shikamooni.

Leo ni Ijumaa, tarehe 22 Novemba 2024. Mimi ni Yunisi Gasper wa kidato cha tatu. Nimetumwa kumuaga Mwalimu Benedict anayestaafu, nami nimeahidi moyoni kusema yote.

Nani hapa hajala yai la banda letu? Mahindi yalipopanda bei, Mwalimu alitufundisha kuwalisha kuku unga wa muhogo, tukiuchanganya na vumbi la dagaa, na majani makavu ya kisamvu ili kiini cha yai kisipauke. Mama Skolastika wa jikoni alimtania kwamba sasa anawasongea kuku ugali, akauliza kama na mboga watachagua wenyewe. Mwalimu alicheka. Lakini jambo moja hakulifanyia utani: muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu sumu yake itoke, uanikwe, ndipo usagwe.

Kuloweka ilikuwa zamu yangu. Siku ya pili jua lilitoka, baada ya mvua ya wiki nzima, nikautoa majini nikauanika. Nilijiambia kuku si watu. Mwalimu aliponiuliza nilijibu, "Siku tatu, Mwalimu."

Tulipowalisha unga ule, kuku tisa walikufa.

Ndugu Mwenyekiti, kwenye kikao cha bodi cha mwezi Machi uliuliza nani amewapa kuku sumu. Mwalimu alisimama akasema, "Unga ni wangu, na kosa ni langu." Banda likafungwa, na muhtasari ukaandika: uzembe wa mwalimu. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, beseni mkononi, nikisikia kila neno. Tangu Machi nimenyamaza.

Amefundisha miaka thelathini na minne, na karatasi ya mwisho yenye jina lake inasema uzembe. Je, mtu aliyetuzuia hata kukadiria unga kwa macho aagwe hivyo?

Mwalimu, nisamehe. Wazazi, chakula kile cha kuku ni kizuri. Mkono wangu ndio uliokosea.

Nawashukuru nyote kwa utulivu wenu. Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu anapanda treni keshokutwa kurudi kwao Dodoma. Je, muhtasari ule utaandikwa upya, jina langu likae mahali pa lake, kabla hajaondoka?