Mama Jivu Aliyeufungia Mnara Kufuli

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwoka mikate mmoja, na mkijikuta mnacheka katikati, chekeni tu. Mwenyewe angewashangaa mkinuna.

Mtaani walimwita Mama Jivu. Jivu lilimkaa kwenye nyusi tangu alfajiri, naye hakuwa na habari nalo. Aliolewa akiwa mwoka mikate, akazaa akiwa mwoka mikate, akafariki wiki iliyopita akiwa mwoka mikate. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mwoka mikate mwingine, mshindani wake wa miaka yote. Walisalimiana kwa kukohoa.

Basi ikaja miaka ya joto. Mvua zikakosa adabu, zikawa zinachelewa, na zikija zinakuja zote kwa mpigo. Unga uliumuka kabla hajamaliza kuukanda, ukamwagika nje ya beseni. Mama Jivu akatafuta mchawi, akampata: mnara wa simu nyuma ya duka la viatu. "Ule ndio unaofukuza mawingu," aliwaambia wateja. Mtaa mzima ukaamini. Siku moja akachukua kufuli la ghala lake, akaenda akafunga geti la mnara.

Fundi akashindwa kuingia kutia mafuta kwenye jenereta. Simu zikafa. Na wateja wake wakubwa, wenye migahawa, walikuwa wakiagiza mikate kwa simu. Wasikilizaji wapendwa, Mama Jivu alijifungia oda zake mwenyewe. Mikate ikalala, na joto likabaki palepale.

Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, anaikumbuka jioni ile. "Nilimwambia, mama, hewa ya moshi wa magari, wa viwanda, wa matanuri, wa dunia nzima, inabaki huko juu na kuzuia joto lisitoke. Miti ilikuwa ikiipunguza, nasi tunaikata. Akaweka chini beseni la unga. Kisha akasema, 'Yaani tumefunga mlango wa tanuri, na sisi ndio mikate?'"

Kuelewa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kusema hivyo mbele ya mtaa aliouaminisha uongo, mshindani wake akiwa ametega masikio. Mama Jivu alikuwa mtu wa kusikilizwa, na aliogopa kwamba baada ya hapo hatasikilizwa tena.

Asubuhi akaenda getini, watu wakajaa. Akafungua kufuli.

"Mnara nimeusingizia," akasema. "Hapa tunawasha matanuri mawili, kila mtu na lori lake la kuni, na yote yanabaki na moto unaopotea bure hadi jioni. Dunia hatukuichemsha peke yetu, wenye viwanda wametuzidi mbali. Lakini mkono wetu umo."

Kisha akamgeukia mshindani wake. "Jirani, njoo uoke kwangu. Nikitoa yangu, ingiza yako."

Watu wakacheka, lakini walikuwa wanamsikiliza.

"Nilikwenda nimwibie siri ya ganda la mkate," jirani huyo anasema leo, akicheka huku anafuta macho. "Akanionyesha siku ya kwanza. Nikakosa cha kuiba."

Tangu hapo, mtaa ule ukawa na moto mmoja. Mikate ya Mama Jivu ikitoka, inaingia ya jirani. Ya jirani ikitoka, zinaingia sufuria za maharage za mtaa mzima, na vicheko vya wenye sufuria.

Juzi, siku iliyofuata mazishi, binti aliamka alfajiri akakuta tanuri la mama yake linawaka. Jirani alikuwa ameshakanda unga, wake na wa marehemu. "Wateja wa mama yako nitawapelekea," alimwambia. "Ile ni mikate yenu. Mimi nimeazima moto tu."

Kwa binti, kwa familia, na kwa jirani yule ambaye hakuna anayemwita mshindani tena, tunawapa pole kwa moyo wote. Nasi tuliobaki, kabla ya kutafuta wa kumlaumu, tuutazame moto wetu wenyewe, kisha tukamgongee jirani mlango. Mama Jivu aliona aibu asubuhi moja tu. Baada ya hapo alicheka hadi wiki iliyopita.